Tuta Moja na Nusu

Nilikwenda kijijini kwa sababu ya simu moja. Tantine Ngoie, dada yake marehemu baba, aliniambia kuwa shamba alilotuachia baba limelala misimu mitatu, na kwa desturi yetu shamba lililolala hupewa mtu mwingine. Mkuu wa kijiji angeligawa Jumamosi. Habari hiyo ilinichoma, maana pale ofisini Lubumbashi mimi ndiye mtu wa asili: nimetundika jembe dogo la mapambo ukutani, na kila mgeni namwambia nina ferme, yaani shamba kubwa kijijini.

Jumamosi hiyo, saa kumi na moja alfajiri, niliondoka mtaani kwangu Makomeno kwa gari, nimevaa viatu vyeupe vipya, na kwenye mkoba nina mafuta ya kuzuia jua na betri ya akiba ya simu. Jembe sikubeba. Lile la ofisini limepigiliwa misumari.

Tulipoipita Kipushi, mimi na gari langu, lami iliisha na gari likazama kwenye matope mekundu. Nililiacha kwa muuza makaa mmoja, nikatembea saa nzima. Viatu havikulalamika, vilikuwa vimeshakufa.

Saa nne nilifika. Tantine alinitazama kuanzia chini.

"Karibu, mutoto ya kaka yangu. Ulikuya kulima ao kuoa?"

"Nilikuya juu ya shamba ya papa, tantine. Natafuta muntu wa kunilimia."

"Hapa, muntu akilima, iko yake. Kamata jembe."

Mkuu wa kijiji alikuwa amekwisha kukaa ukingoni mwa shamba pamoja na Kasongo, jirani aliyeliomba. Kwanza nilijipiga picha na jembe, kwa ajili ya ofisi. Kisha nikainama. Tuta la kwanza lilinichukua saa nzima na bado likapinda. Katikati ya tuta la pili malengelenge yalipasuka, nikaketi chini.

"Ilikwisha?" aliuliza mkuu.

"Kwa leo, shefu."

"Muzuri. Ile ulilima, iko yako. Ingine yote iko ya Kasongo."

Kasongo hakunicheka, na hilo liliniuma kuliko malengelenge. Nilimkumbuka baba, aliyekuwa akililima lote peke yake kabla ya jua kuwa kali. Niliona aibu, nikalia kidogo, huku najifanya nafuta jasho.

Alasiri, nikiaga, Kasongo alinitwika gunia la viazi vitamu.

"Mugeni hawezi kurudia mikono mitupu," alisema. Mgeni, pale pale kwa baba yangu.

Sasa niko mjini, na ninaujua ukubwa kamili wa asili yangu: tuta moja na nusu, lililopinda. Wageni wa ofisini bado nawaambia nina ferme, ila hekta siwatajii. Jana Tantine alipiga simu.

"Majani ya pori inaanza kuota kwa tuta yako," alisema. "Na Kasongo anaiangalia sana."

Nimenunua viatu vya mpira. Jumamosi narudi.