Maalim Alinikataza Kuosha Ubao

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenifundisha nikiwa mtoto na hajachoka kunifundisha nikiwa bibi. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na Mungu awarehemu walimu wetu waliotangulia. Baada ya hayo, nasimulia niliyoyaona, wala siongezi.

Usiku ule nilikwenda kulala nikiwa nimeshaamua. Maisha yangu yote ya kazi nilitunga programu za kompyuta, na tangu nistaafu nilikuwa nikiandika masomo kwenye mtandao, kwa Kiswahili, ya jinsi programu zinavyotungwa, zinavyoharibika na zinavyotengenezwa. Idrisa, mtoto wa mdogo wangu, ambaye naye kazi yake ni hiyohiyo, alikuwa amekula kwangu jioni ile. Alicheka, si kwa ubaya.

"Mama mkubwa, siku hizi unaiambia mashine unachotaka, inakuandikia programu nzima. Hayo masomo yako anayasoma nani? Majini?"

Nilicheka naye, lakini neno lilinikaa. Nikamwambia asubuhi aje anisaidie kuyafuta yote. Nikasali, nikalala.

Nikajiona niko chuoni, pale nilipojifunzia Kurani. Jua la asubuhi limeingia mpaka kwenye mikeka. Nimechuchumaa mbele ya ndoo ya maji, ubao wangu mapajani, kitambaa mkononi. Maandishi ya wino wa masizi yameujaza ubao juu mpaka chini, na ninapotazama vizuri, si aya. Ni amri zangu za kompyuta. Sikushangaa. Nikachovya kitambaa.

Mkono ukanishika. Ni Maalim Makame, aliyenifundisha kusoma, aliyefariki kabla sijaiona kompyuta kwa macho. Kanzu yake ileile, yenye kiraka kwenye kiwiko.

"Nani amesoma baada yako?"

Nikainamisha kichwa. Chuoni kwake sheria ilikuwa hiyo: huoshi ubao wako mpaka mwenzako wa chini yako ameusoma mbele ya Maalim. Akikwama yeye, umekwama wewe. Tulikuwa tukiwafinya wadogo wasome haraka ili tukacheze.

"Hakuna, Maalim. Wanasema hakuna haja. Mashine inaandika yenyewe."

Tunatembea, na kuta za chuo sasa ni kuta za chumba cha kompyuta nilichofanyia kazi ujanani, chenye baridi ya kutetemesha. Maalim anajitanda shuka. Anapanda kwenye kiti, anakunja miguu kama yuko mkekani, anatazama herufi zinavyotiririka zenyewe kwenye kioo.

"Inaandika vizuri," anasema. "Kalamu yako nayo iliandika vizuri. Ulipokosea, nilimchapa nani? Kalamu?"

Viganja vyangu vikaanza kuwasha, kama zamani.

"Watanicheka, Maalim."

"Mimi walinicheka nilipowakalisha wasichana mstari wa mbele. Nilifunga chuo?"

"Hukufunga."

Anainyanyua ndoo, nayo iko pale miguuni petu, na ule mpera wa chuoni, tuliokuwa tukiumwagia maji ya kuoshea mbao, uko pale, ndani ya chumba kile kisicho na dirisha. Anayamwaga maji yote kwenye shina lake, taratibu, kama mtu asiye na haraka na asiyeomba ruhusa ya yeyote. Kisha ananirudishia ubao. Kona moja imelowa. Maandishi hayajafutika.

"Hauoshwi," akasema.

Nikazinduka, ngumi yangu imekamata pembe ya mto wa kulalia. Adhana ya alfajiri ilikuwa inaanza. Nilimwombea Maalim, nikasali, nikawasha kompyuta, nikamngoja Idrisa.

"Shikamoo, mama mkubwa. Haya, tuanze kufuta lipi?"

"Marahaba. Soma kwanza."

"Yote?"

"La kwanza tu. Kwa sauti."

Alivuta pumzi kama mtu anayemridhisha mzee, akasoma. Lilikuwa somo la kuiamuru kompyuta ipitie orodha ya majina, moja moja, mpaka la mwisho. Mwanzo alikwenda mbio. Katikati akapunguza mwendo. Akarudi mstari wa juu.

"Hapa, mbona inaliacha jina la mwisho?"

"Nimeweka kosa makusudi. Ndiyo nakuuliza wewe: mbona?"

Akajikuna kichwa. "Sijui, mama mkubwa. Na programu ya kwetu kazini inaacha hivihivi, watu wanalalamika. Mashine iliandika, nikaona inakwenda, nikaipokea."

"Anayelalamikiwa ni nani? Mashine?"

"Mimi," alisema, akacheka kidogo.

"Basi hakifutwi kitu. Vuta kiti. Na ukishaelewa, umsomeshe mwenzako kazini, kisha uniletee habari alikwama wapi."

Akavuta kiti.

Wanaocheka na wacheke. Nitaandika kwa lugha niliyoombewa dua na mama yangu, mpaka vidole vikatae, na hata hapo nitatamka mtu aandike.

Nawe unayesoma, Mola akupe wa kukushika mkono unapotaka kufuta, na akuletee wa kusoma baada yako. Amina.