Ukurasa wa Siku ya Tatu

"Mbuzi hachani karatasi kwa mstari ulionyooka namna hii, mama." Mwalimu Odero aliliinua lile daftari la uskauti kwenye mwanga wa dirisha. "Hapa pamekunjwa kwanza, pakapitishwa ukucha, ndipo pakachanwa. Ni mbuzi gani huyo anayekunja?"

"Mbuzi wa Walukuba," nikamwambia. "Alikulia karibu na watu wa kiwandani. Mambo yake yote yalikuwa na utaratibu."

"Miaka saba!" Hajara, binti yangu, aliitua birika kwa kishindo. "Miaka saba mama anamsingizia mbuzi kuwa aliula ukurasa, na mbuzi mwenyewe tulimla Idi ya mwaka ule ule, hawezi hata kujitetea!"

"Kama hakuwa na hatia, mbona alikuwa mgumu vile kutafunika?"

Mjukuu wangu Taban, ambaye ugomvi wote ulikuwa wake, alikuwa amesimama wima katikati ya chumba chetu hapa Namakwekwe, Mbale, amevaa sare ya skauti. Kaptula ile ya kaki alishonewa akiwa na miaka kumi na sita. Sasa ana ishirini na tatu, ana ndevu, ana kibanda cha kutengeneza baiskeli, na kila akivuta pumzi kifungo cha kiunoni kinaomba msamaha.

"Siku ya kwanza iko," Odero akasema, akifunua. "Ya pili iko. Ya nne iko. Ya tano iko. Mtihani ni wa siku tano, Taban. Kesho majina yanakwenda Kampala, na basi langu la Jinja linaondoka saa kumi. Bila siku ya tatu nitawaambia nini?"

Taban akarekebisha skafu shingoni. Mimi nikatazama pembeni.

Beji yenyewe ni ile ya juu kabisa katika uskauti. Ukiipata unaitwa Kampala, jina lako linasomwa kwa kipaza sauti, unavishwa kifuani watu wakipiga makofi. Odero alikuwa ametuandikia barua mwezi uliopita: wale waliokatizwa na vita wafikiriwe, hata kama umri umewapita, lakini ni mwaka huu tu. Taban aliisoma barua ile mpaka mikunjo ikatoboka. Jina letu sisi Wanubi lilikuwa limesomwa mahali pengi miaka ile ya vita, na hapakuwa hata mahali pamoja pa kupigiwa makofi.

Beji hiyo huifikii kwa siku moja. Unapanda kwa vibeji vidogo vidogo, na karibu vyote Taban alivipatia juu ya mwili wangu, huko Walukuba, Jinja, mimi nikiwa bibi yake, yaani habuba. Cha huduma ya kwanza alikipata kwa kuufunga mguu wangu mzima kwa vijiti na vitambaa. Aliufunga vizuri mno. Nilikaa siku mbili nimeunyoosha mlangoni, wageni wakinipa pole na ndizi, nami sikuwakataza. Cha kusaidia wazee, alinivusha barabara mara nne asubuhi moja, na mimi sikuwa na safari. Cha mafundo alimfunga mbuzi kwenye mti, na mpaka leo nadhani kamba ile iko pale, kwa sababu tulimtoa mbuzi kwa kukata mti.

Tuligombana kwa jambo moja tu. Siku aliyoapa uskauti alirudi nyumbani akanipa mkono wa kushoto. Wa kushoto! Mimi, Kadija, mjane wa askari, nisalimiwe kwa mkono ule ambao kila mtu anajua kazi yake? Nilimpa kofi la kulia ili aone tofauti. Akasema, huku anashika shavu, "Habuba, ni salamu ya maskauti dunia nzima. Ndio mkono ulio karibu na moyo." Nikamwambia ulio karibu na moyo uko mbali na adabu.

Basi ukafika mwaka wa sabini na tisa. Odero, aliyekuwa fundi kiwandani na mkubwa wa maskauti wa pale kwetu, alimpangia Taban mtihani wa mwisho: atembee kwa miguu kutoka Jinja mpaka Mbale, siku tano, aanze Jumatatu. Kila siku aandike alichoona, achore njia, na mtu mzima mwenye kazi inayojulikana atie sahihi, na mhuri kama anao. Jumamosi mizinga ikaanza kusikika upande wa Kampala. Odero akapanda lori la kurudi kwao Kenya, asirudi Jinja mpaka vita vilipokwisha. Jumapili majirani wote wa kabila letu wakafunga virago, maana watu walishaanza kusema kila Mnubi ni askari wa serikali inayoanguka, hata aliye tumboni.

Hajara akapata nafasi kwenye lori la Tororo. Taban akakataa.

"Mtihani ni Jumatatu, mama."

"Mtihani? Huyo mwenye mtihani ameshakimbia!"

"Hakusema umefutwa."

Hajara alimfukuza na mwiko kuzunguka nyumba, na walipofika mzunguko wa tatu lori likawa limejaa na kuondoka. Kwa hiyo tukatoka Jumatatu alfajiri kwa miguu, mimi, Hajara, mbuzi, na skauti mbele anapuliza filimbi. Barabara nzima watu walikuwa wanakimbia vita. Sisi tulikuwa tunafanya mtihani.

Iganga, mwenye duka alitia sahihi huku anafunga duka, akagonga mhuri juu ya mkono wake mwenyewe kwa haraka, ikabidi arudie. Namutumba alitia sahihi mganga wa zahanati. Jua la siku zile! Niliona kivuli cha mti kimeingia ndani ya mti. Na tulipofika kwenye madimbwi ya mto Mpologoma, siku ya tatu, mbu wa pale walikuwa wakubwa kiasi kwamba mmoja alitua kwenye mzigo wa Hajara, Hajara akalalamika umekuwa mzito.

Hapo ndipo tulipokutana na mtu anakuja mbio kutoka nyuma yetu, mrefu, mwembamba, na pengo katikati ya meno ya juu. Suruali ya jeshi, shati la mwuza samaki, miguu mitupu. Taban akamsimamisha katikati ya njia, akapiga saluti ya vidole vitatu, akatoa mkono wa kushoto.

"Skauti Taban, kikosi cha Walukuba. Naomba sahihi yako, afande."

Yule mtu aliutazama mkono. "Unanipa wa kushoto? Mimi?"

"Ndio ulio karibu na moyo, afande."

"Wewe mtoto, unajua nyuma yangu kuna nini?"

"Najua, afande. Ndiyo maana naomba uandike upesi."

Nilifumba macho nisubiri kofi. Nikasikia kicheko. Yule mtu aliketi juu ya jiwe, akacheka mpaka akafuta machozi. Jina lake Marjan, karani wa stoo ya jeshi. Bunduki alikuwa ametupa, buti ametupa, kofia ametupa, lakini alipoingiza mkono mfukoni akatoa mhuri na kibati cha wino. Karani haachi mhuri. Akaandika mistari minne kwa mwandiko mzuri, akamsomea Taban: kijana huyu ana nidhamu kuliko kikosi changu chote. Akagonga. Kisha akausokomeza mkono wake wa kushoto ndani ya ule wa Taban, akautikisa, akautupa mhuri katikati ya mafunjo, ukazama.

"Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho ya serikali," akasema, akaendelea na mbio.

Mpaka hapo hata Hajara hunikubalia, maana alikuwepo. Ni siku ya nne, ukurasa ulipopotea, ndiyo hakuona, kwa sababu alikuwa amebaki nyuma anamvuta mbuzi.

"Basi tuambie ya siku ya nne," Odero akanibana, amekaa na daftari magotini. "Lakini bila mbuzi."

Nikamtazama Taban. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya Odero.

"Sawa," nikasema. "Bila mbuzi."

Nikawaambia. Asubuhi ile, kabla ya Tirinyi, magari ya jeshi jipya yalikuwa yameshatupita na kuweka kizuizi. Askari wageni, Kiswahili chao laini kama samli. Mmoja aliniambia "Shikamoo, bibi," nikageuka kutafuta bibi mwingine, maana katika maisha yangu yote na askari hakuna aliyewahi kuniamkia. Lakini pembeni palikuwa na vijana wawili wamekaa chini, mikono imefungwa nyuma, na mbele yao karatasi zilizotolewa mifukoni mwao. Mimi sijui kusoma. Ila mhuri wa jeshi naujua, marehemu mume wangu alikuwa akiletewa barua zenye mduara ule. Na Taban wangu alikuwa na kaki mwilini, filimbi shingoni, na mduara ule ndani ya daftari, wino haujakauka vizuri.

"Nikamwambia Taban, lete daftari nikubebee. Alipogeuka nikakunja, nikapitisha ukucha, nikachana. Sasa niuweke wapi? Hata wanawake walikuwa wanapekuliwa. Nikaufanya kikoba, mwandiko ndani, nikatia karanga zangu za njiani, nikampa yule askari wa shikamoo. Nikamwambia kula, mwanangu, umetoka mbali. Akala zote. Karatasi akaitupa kwenye moto wa chai yao."

Odero akapitisha kidole pale palipochanwa.

"Ndipo yule askari akamwuliza Taban: una uhusiano wowote na jeshi lililokimbia? Na huyu," nikamwelekezea kidole, "kwa sababu skauti hasemi uongo, akajibu: mmoja alinitilia sahihi jana, afande, ngoja nikuonyeshe. Akafunua. Hakuna! Askari akauliza, uko wapi huo ukurasa? Bunduki iko hapa, hapa kabisa. Nikasema, mbuzi ameula. Na Mungu ni mkubwa, wakati ule ule Hajara akatokea na mbuzi, ana jani la mgomba mdomoni. Askari wote wakaangua kicheko. Yule wa shikamoo akatazama michoro ya ndege na madaraja, akatia sahihi yake mwenyewe. Hiyo hapo, siku ya nne."

"Na mimi nililia mpaka Mbale," Taban akasema taratibu, "ukaniambia ni mbuzi."

"Ningefanyaje? Uongo ule ulikuwa umenirudishia wewe mzima. Niliona haya kuuacha."

Nilidhani watanikumbatia. Hajara alicheka mpaka akajishika ukuta.

"Mama! Hii imeshinda hata ile ya mamba wa Jinja aliyekurudishia beseni!"

"Beseni alirudisha!"

"Likiwa limeoshwa!"

"Sikusema limeoshwa. Nilisema limesuuzwa."

Odero hakucheka. Alijikuna kidevu. "Ningependa kuamini, mama. Lakini wa Kampala wanataka sahihi. Shahidi yuko wapi?"

"Hata mimi naweza kumwandikia," Hajara akasema. "Nileteeni kalamu. Marjan, karani. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Taban akajibu.

Mama yake akamwangalia kama anautafuta ule mwiko. "Umetembea siku tano na miguu ikatoka malengelenge kama maandazi! Umengoja miaka saba! Mstari mmoja tu, Taban!"

"Siandiki sahihi ya mtu, mama. Wala wewe hutaandika." Akaanza kuifungua skafu shingoni, polepole, anaikunja kama wanavyokunja wao, pembe kwa pembe. "Mwalimu usichelewe basi. Peleka majina ya wengine."

Odero akalifunga daftari. Ndipo nikaona lazima niseme na lililobaki.

"Ngojeni kidogo. Huyo Marjan nimemwita."

"Umemwita," Hajara akasema.

"Tangu barua ya Mwalimu ifike. Nilimpa habari Wasike, yule dereva anayeleta mahindi kutoka Bungoma, Kenya. Nikamwambia atafute mtu mrefu, mwembamba, ana pengo katikati ya meno ya juu, mahali popote penye karatasi za kugongwa mihuri. Wasike akaniambia Jumanne kwamba amempata kwenye ghala moja huko huko Bungoma, na kwamba atakuja leo."

"Wasike amempata. Kenya nzima. Kwa pengo." Hajara alinishika bega kwa huruma, na hiyo iliniuma kuliko angenitukana. "Mama, mtoto anaumia. Mwache sasa."

"Safari hii sidanganyi, Hajara!"

"Na mamba pia ulisema safari hii hudanganyi."

Odero alikuwa ameshasimama, anatafuta kiatu chake mlangoni. Taban akamnyooshea daftari mama yake alirudishe sandukuni. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo niapie kaburi la mume wangu, na sikuwahi kuapia kaburi lile hata siku ya mamba, nikasema, "Wallahi, Marjan yule yule, kama hatafika kabla ya saa kumi basi mimi..."

"Hodi hapa," mtu akasema.

Mlango ukajaa mtu mrefu, mwembamba, ana vumbi la lori mpaka kwenye nyusi. Hakunitazama mimi wala Hajara. Aliitazama ile kaptula ya kaki, akaangua kicheko, pengo likaonekana, na moja kwa moja akamnyooshea Taban mkono wa kushoto.