Kanzu za Kristo Mfalme

Albertine alikuwa na miaka hamsini na minane, na kwa miaka ishirini mikono yake ndiyo iliyofua vitambaa vyote vya parokia: vya altare, vya mapadri, na kanzu arobaini za kwaya. Baba yake alikuwa fundi wa reli aliyetoka Kongolo, na kwake alirithi mabega mapana na ulimi usiomkwepa mtu. Bomba la parokia lilikuwa limekauka zamani, hivyo alifulia kwenye kijito kinachoingia mto Kafubu, nje kidogo ya Lubumbashi.

Mwaka ule mambo yaliharibika mapema. Mwezi wa tisa, kabla ya mvua, mawe ya kufulia yalivaa utando wa kijani unaoteleza. Majani ya majini yakaziba kijito, maji yakanuka yai viza, samaki wadogo wakaelea tumbo juu. Kisha mvua za kwanza zikanyesha, na maji yakawa mekundu, mazito. Albertine alichota ndoo akaiacha itulie tangu asubuhi hadi jioni. Tope lilijikusanya chini, unene wa vidole viwili, na bado maji ya juu yalikuwa na ukungu. Kanzu iliyoingia nyeupe ilitoka rangi ya tofali.

Hakukaa kulalamika. Alimchukua Delphine, mwimbishaji wa kwaya ambaye naye alifulia palepale, wakapanda wakiufuata ukingo. Mwendo wa saa moja ukawafikisha kwenye ferme, shamba kubwa la Stanislas. Trekta lilikuwa limelima mpaka ukingoni kabisa mwa kijito. Matete yote yaliyokuwa yakishika udongo yalikuwa yamefyekwa, na mbolea nyeupe bado ilionekana kwenye matuta, ikingoja mvua nyingine iisombe. Nyuma ya banda la nguruwe, shimo la kinyesi lilikuwa limetobolewa mfereji ulioteremka moja kwa moja majini.

“Njo mayi hii tunafulia,” alisema Delphine, akifunika pua.

“Na njo hii batoto banakunywa,” alijibu Albertine.

Stanislas hakuwa mtu wa kutajwa ovyo. Yeye ndiye aliyetoa mabati ya paa la kanisa, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele. Kwa hiyo Albertine alipompelekea habari Padri Gauthier, padri alishika kichwa.

“Mama Albertine, sikukuu ya Kristo Mfalme iko karibu. Tia javeli, kanzu zitarudi nyeupe.”

“Nilitia, mon père. Javeli inatoa uchafu wa muntu. Haiwezi udongo wa ferme nzima.”

“Kumbuka ni nani alitupatia mabati.”

“Mabati iko juu, mon père. Mayi iko chini. Kila moja na mambo yake.”

“Basi fua na mayi ya chupa.”

“Kanzu makumi ine?” Albertine alicheka, lakini hakukuwa na furaha katika kicheko chake.

Asubuhi ya sikukuu alizileta kanzu zote kwenye vikapu. Alikuwa amezifua kijitoni bila tone la javeli, akazipiga pasi ya makaa hadi mikunjo ikasimama wima. Zilikuwa safi kadiri maji yalivyoruhusu, na zilikuwa nyekundu. Wanakwaya walitazamana. Delphine akavaa yake wa kwanza.

Walipoingia wakiimba, kanisa zima liligeuka. Watu walitoa simu zao. Padri Gauthier aliikosea sala ya mwanzo, na shingo ya Stanislas ikavimba juu ya kola.

Misa ilipokwisha Stanislas alimsubiri Albertine mlangoni, watu wakiwa wamejaa.

“Mama, nani alikutuma unipatishe haya mbele ya bantu?”

“Hakuna alinituma. Ni udongo yako. Tunakurudishia.”

“Mvua inanyesha kila pahali!”

“Inanyesha kila pahali, ndiyo. Lakini si kila pahali bantu banalima mpaka ndani ya mayi. Matete ulikata weye, si mvua. Mfereji ya nguruwe ulichimba weye, si mvua.”

Stanislas alimgeukia padri, akasema mbele ya wote kwamba hatakanyaga pale mpaka mama huyu aondolewe. Kesho yake Padri Gauthier akamnyang'anya Albertine kazi.

Albertine alilia, lakini nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa. Nje alitembea vilevile. Padri akampa kazi mama mwingine, mama huyo akakataa. Wa pili akakataa. Kwa Jumapili tatu vitambaa vya altare vilikaa bila kufuliwa, mpaka padri mwenyewe akateremka kijitoni na beseni. Alikanyaga utando wa kijani, akateleza, akakaa majini na kanzu yake. Akina mama waliokuwa pale walimwinua bila kucheka, ingawa kicheko kiliwabana. Padri alitazama kanzu yake, sasa nyekundu kama zile za kwaya. Hakurudi parokiani, aliwasha pikipiki yake akaenda kwa Stanislas vilevile, akidondosha tope.

Waliyosemezana hakuna aliyeyasikia. Lakini kabla ya Noeli, vibarua wa Stanislas walipanda matete kwenye ukanda wa hatua kumi na tano kando ya kijito, na mfereji wa nguruwe ukazibwa. Albertine akarudishiwa kazi yake na funguo za sakristia. Mwezi wa pili wa mwaka mpya, mvua kubwa zilipoleta tope, kesho yake tu ungeweza tena kuona mawe chini ya maji.

Jumapili moja Padri Gauthier alimsimamisha Stanislas mbele ya altare, akaomba waumini wamshukuru. Kanisa lote likapiga makofi. Albertine aliacha mikono yake mapajani.

Nje, Stanislas alimfuata. “Mama, hata sasa haupigi makofi?”

“Nilipita kule jana,” alisema Albertine. “Ng'ambo ya banda iko mfereji ya pili, na nayo inateremka mu mayi. Kesho nitarudi na kwaya nzima kuitazama.”