Mama Mkwe Alifuata Pete

Talaka ilikwishatoka mahakamani siku mama mkwe wangu, au sijui nimwite nani sasa, alipofika nyumbani kwa baba, Kinyangiri, kuifuata pete ya uchumba. Alikuja na mfuko wa sukari. Nikajiuliza, mtu anayekuja kudai kitu anabeba sukari ya nini? Miaka yote niliyokaa na mwanawe Singida Mjini, huyu mama hakuwahi kuniletea hata fungu la mchicha. Na nyuma yake alikuwa mshenga, yule yule mzee aliyeleta posa yangu, kavaa koti na jua lile.

Mimi na wifi, mke wa kaka yangu, tulikuwa uani tunapiga alizeti. Tukaweka fimbo chini, tukawaamkia, wifi akaenda kuinjika chai. Baba akatoa viti. Wakazungumza mvua, wakazungumza kuku wanaokufa kwa kideri, na mimi nasubiri tu. Mtu mwenye shida ya kweli hazunguki hivyo.

Mwishowe mama mkwe akasema wao hawana neno na mtu. Ng'ombe wa mahari hata hawawataki, wanaomba pete tu, kwa kuwa ni ya mtoto wao. Baba akashusha pumzi, na mimi ndiyo kwanza nikazidi kuogopa. Hata hivyo niliingia ndani, nikaitoa pete sandukuni, nikataka kumwekea mama mkononi ili yaishe. Akauvuta mkono wake nyuma kama nampa kaa la moto.

"Sio mimi, mwanangu. Mpe mshenga, baba yako akiona."

Ehee, nikasema moyoni, kumbe. Kwetu pete inaletwa na mshenga, na mwanamke akiirudisha kwa mshenga huyo huyo, mzazi wake akishuhudia, hakuna anayeuliza tena: ni yeye aliyemkataa mume. Na mwanamke akikataa, kwao hurudisha mahari. Leo wangeondoka wakitabasamu, keshokutwa wangerudi kudai ng'ombe. Mahakama ilitutenganisha tu, ya mahari tukaambiwa tukamalizane nyumbani. Na ng'ombe wenyewe walikwishaondoka zizini, baba aliwatoa kumwolea kaka mke. Wakidaiwa, hana pa kuwapata ila kwa wazazi wa wifi, na ng'ombe wakitoka kule, wifi naye anarudi kwao. Alikuwa jikoni muda ule, mtoto mgongoni, anawachagulia wageni vikombe vyenye mikono mizima.

Nilikasirika. Mimi sikumkataa mtu. Asubuhi moja mume wangu alinikuta jikoni nachambua mchele, akaniambia nirudi kwetu. Tulikuwa wawili tu. Mahakamani tulijibu kwamba tumeshindwana, basi. Nani angenisadiki? Nikaifunga pete kwenye pindo la kanga, nikamwambia mshenga kwa adabu kwamba mwenye pete ana miguu, aje aiombe mwenyewe. Mama akanuna, baba akanitolea macho. Chai waliiacha.

Mume wangu akaja Jumapili baada ya ibada, yeye na mama yake na mshenga. Alikuwa amekonda. Nikashuku hata kule kukonda, nikadhani mama yake kamvalisha shati kubwa ili baba amhurumie. Akatoa shikamoo, akakaa ukingoni mwa kiti. Nikafungua pindo, nikaishika pete wote waione.

"Kabla sijakupa, sema mbele ya baba. Kati yetu, nani alimwambia mwenzake aondoke?"

Mama yake akadakia, eti mambo ya mke na mume hayaanikwi hadharani. Mshenga akamnyamazisha kwa mkono, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Mume wangu akatazama chini. Akakaa hivyo muda mrefu, nikajua huyu ananikana.

"Ni mimi, baba," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aende. Na sikusema kwa hasira, nilikuwa nimemchoka."

Yakaisha. Mshenga akatamka kwamba mahari haidaiwi, na kwamba mume akimwacha mke hana pete ya kudai, kwa hiyo ni yangu. Mama mkwe akatoka bila kuaga. Wifi aliendelea kugawa chai bila kujua alivyoponea chupuchupu.

Kila mtu aliniambia nimeshinda, na mimi nikaitikia. Ila nitasema kweli. Pale aliponyamaza akitazama chini, nilikuwa naomba anikane. Tangu niondoke mjini nilikuwa na kashaka kangu, kwamba labda asubuhi ile maneno yalimtoka tu, labda anajuta na anaona haya kunifuata. Nililala nako, nikaamka nako, nikawashuku watu wote nikiwa nakalinda. Nami ndiye niliyemwita aje akamalize kashaka hako mbele ya baba yangu.