Mpaka Nilionyoosha

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa kilimo alimpa kila mwanafunzi daftari kabla ya likizo ya mwezi wa sita. Tuandike kila siku kazi tuliyofanya kwa faida ya nyumbani. Elimu ya kujitegemea, alisema, haina likizo. Mimi nilikuwa mtu wa kushindana hata na kivuli changu. Nikapanda kwetu Kirua Vunjo nimeapa kwamba daftari litakalosomwa mbele ya darasa ni langu.

Wiki ya kwanza ilinivunja moyo. Nilikata majani ya ng'ombe, nikabeba samadi, nikapalilia kahawa. Kila msichana wa mlimani alifanya hayo tangu ajue kushika mundu. Nani angesoma habari za samadi mbele ya darasa?

Ndipo nikauangalia mpaka. Kihamba chetu, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kilipakana na cha baba mkubwa, kaka yake baba. Babu aliwagawia wanawe kabla hajafa, akapanda masale kuwatenganisha. Ni mimea ya majani marefu, na Mchagga haing'oi ovyo. Hilo nililijua vizuri. Lakini katikati mstari ulipinda, ukaingia kwetu kama tumbo la mbuzi mwenye mimba, na shuleni tulifundishwa kupanda kwa kamba.

Siku ya soko mama aliteremka Kiboriloni na ndizi. Baba alikuwa kazini Moshi, hurudi Jumamosi. Nikafunga kamba ya katani kwenye vijiti viwili, nikang'oa masale yote ya pale kwenye tumbo, nikayapanda upya yamenyooka. Daftarini nikaandika: "Nimenyoosha mpaka." Nikapiga mstari chini yake.

Mama aliporudi aliketi chini na kikapu chake kichwani.

"Mwanangu, umemnyang'anya baba yako mkubwa ardhi."

"Sikutaka ardhi, mama. Nilitaka pawe sawa."

"Sawa kwa nani?"

Baba mkubwa alipita asubuhi iliyofuata, akatazama, akarudi kwake bila kusalimu. Jumapili kanisani alikaa benchi la nyuma, yeye aliyekaa ubavuni mwa baba miaka yote. Baba aliimba nyimbo zote akitazama sakafu. Hapo niliogopa kwelikweli. Nilijua koo ambamo ndugu hawakuzikana kwa sababu ya isale moja tu lililohamishwa.

Tulipotoka, baba alikata jani la isale, akalifunga fundo, akanipa. Kwetu anayeletewa jani hilo ameombwa msamaha, na ni vigumu sana kulikataa.

"Mkono uliong'oa ndio utakaopeleka," alisema.

Nilimkuta baba mkubwa mlangoni kwake.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba."

Nikampa jani kwa mikono miwili. Alilishika muda mrefu, kisha akalichomeka mfukoni mwa koti la kanisani.

"Chukua jembe," alisema.

Alisimama na fimbo yake, akinionyesha kila shimo lilipokuwa. Hakukosea hata moja. Tulipofika tumbo lilipotokeza zaidi akasema, "Hapa uzungushe." Na mimi, kwa ubishi wangu, nikauliza kwa nini babu hakunyoosha.

"Mwanangu wa kwanza yuko hapo," alisema. "Aliishi siku tisa. Mzee alipogawa alipindisha, ili mtoto alale kwangu."

Niliona aibu ambayo mpaka leo naijua ladha yake. Nilimhamisha mtoto wake kwa kamba ya katani, nikajipongeza kwa wino. Nikapiga magoti, nikapanda masale yaliyobaki kwa mikono, naye akaweka fimbo chini, akainama kushindilia udongo pamoja nami.

Jumapili iliyofuata alirudi benchi letu. Daftari nililipeleka shule limechanwa ukurasa mmoja, na halikusomwa mbele ya mtu. Kila likizo baada ya hapo, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupalilia pale kwenye tumbo la mpaka, na hiyo sikuiandika popote.