Mpira Niliofunga Kwenye Breki

Ninakata majani kwenye nyumba moja ya wageni hapa Bagamoyo. Mashine yetu ni ya kusukuma, na ina chuma chembamba unachokibana pamoja na mpini. Ukikiachia, breki inakamata, injini inazima, kisu kinasimama. Aliyeibuni alikuwa na akili sana, ila nina hakika hakuwahi kukata majani Bagamoyo.

Bustani yetu imepakana na njia, na hapa mtu mzima hasalimiwi kwa kupungiwa mkono. Unaachia mpini, unatoa shikamoo, unaulizwa hali ya mama, ya watoto, na ya shangazi aliyehamia Kiwangwa. Mkimaliza unavuta kamba ya kuwashia mara tano, mashine inakohoa. Imewaka tu, huyo anakuja mwingine. Kuna asubuhi nilisalimia mtaa mzima, majani niliyokata hayakumtosha mbuzi mmoja.

Nikajitia ujanja. Nilikata kipande cha mpira wa baiskeli, nikafunga chuma na mpini pamoja. Sasa nilisalimia nitakavyo huku injini ikinguruma. Wiki nzima nilijisifu.

Jirani yetu mmoja, bibi anayeuza mikeka, husuka ukili, ule utepe mrefu wa majani ya mkindu, huku akitembea. Siku hiyo alikuja hivyo hivyo, mkia wa ukili ukiburuta mchangani nyuma yake. Nikaiacha mashine, nikapaza sauti: "Shikamoo, bibi!" Akanipa mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameuzungushia ukili. Alipogeuka kidogo, mkia ukapita ukingoni mwa mashine na kisu kikaudaka.

Mkono wake ukavutwa chini, naye akaufuata ameinama. Nilihangaika na ule mpira, haukufunguka. Nikang'oa waya wa plagi ya injini, umeme ukanipiga hadi kiwikoni, injini ikazima. Vidole vyake vilikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye kisu.

Aliketi mchangani, akavikunja na kuvikunjua kimoja kimoja.

"Vipo," akasema. Kisha akanitazama. "Mjukuu wangu, ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Mpira niliukata palepale. Siku hizi sigusi kisu kabla sijachomoa waya wa plagi. Nakifungua kwa spana nikiwa na glavu, nakinoa kwa tupa pande zote mbili sawa, kisha nakitundika kwenye msumari nione kama kinaelemea upande. Nikishakirudisha na kukikaza, nawasha, naachia chuma, nahesabu sekunde. Kisu kikizunguka kupita tatu, breki inafunguliwa itengenezwe, na siku hiyo hakuna kukata majani.

Bibi bado anapita. Nikimwona tu kwenye kona, naachia chuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama hajambo?"

Ananiuliza yote, kwa upole uleule. Ila anasimama ng'ambo ya njia, mikono yote miwili ndani ya kanga. Mkono hanipi tena, na sina uso wa kuuomba.