Uzi wa Tatu

Harufu ya majivu yaliyoloweshwa maji hunirudisha Garsen. Wengine huikuta kwenye sufuria iliyosuguliwa ikang'aa, wakaendelea na shughuli zao. Mimi huacha ninachokifanya. Nitawaeleza sababu polepole, maana jambo lenyewe halitaki haraka.

Mjomba Shee, mdogo wake mama, alitoka Kipini akaja kukaa nasi, akitengeneza milango na vitanda. Alikuja na msumeno, mkoba wa nguo, na besi. Kwa asiyeijua, besi ni kama fidla iliyokua ikapita mtu mzima: husimama chini kwa mguu wa chuma, na mpigaji huikumbatia akazidonoa nyuzi zake nne kwa vidole. Aliachiwa na kikundi cha taarabu kilichovunjika. Mama alilalamika kwamba ndugu yake amemletea mke asiyekula, ila anataka chumba kizima.

Nyuzi za besi hazikuuzwa kwetu, kwa hiyo Mjomba alichanganya. Uzi mnene kabisa ulikuwa wa chuma, uliokuja na besi yenyewe. Wa pili aliusokota kwa waya wa breki za baiskeli. Wa tatu na wa nne zilikuwa za utumbo wa kondoo. Kuchanganya, alinifundisha, si kufunga chochote kinachopatikana. Chuma huvuta kwa nguvu na sauti yake hukawia hewani. Utumbo huvuta kwa upole, na sauti yake ni ya karibu, kama mtu anayesema nawe huku amekushika bega. Ukiuweka ulio mkali kando ya ulio mpole, mkali humfunika mwenziwe. "Nyuzi ni wake wenza," alisema. "Si lazima zipendane, mradi zisizidiane."

Wala hakuukaza uzi mmoja hadi mwisho kabla ya nyingine. Alikaza kidogo huu, kidogo ule, akizunguka mpaka zote nne zishike. Aliniambia uzi mmoja usibebeshwe mvuto wa zote, shingo itapinda.

Nilikuwa na miaka tisa, na aliamini nina sikio. Kila alipofunga uzi mpya aliniita nifumbe macho nisikilize, kisha akaniuliza kama mtu anayemuuliza mkubwa wake. Nilivimba kichwa, si kidogo.

Ndipo ikaja ile mvua kubwa. Mto Tana uliacha njia yake, ukameza mashamba, barabara ya kwenda Malindi ikakatika. Unyevu ukaingia hadi ndani ya besi, na uzi wa tatu ukaoza ukakatika. Maji yalipoanza kushuka, mtaa ukatangaza harusi, ya kwanza tangu mafuriko, na Mjomba akaombwa apige. Watu walikuwa wamezika sana. Walitaka kusikia kitu kingine.

Pale pa uzi wa tatu alifunga mshipi wa kuvulia samaki. Nikafumba macho. Akadonoa. Ulilia kama mbuzi aliyebanwa na mlango.

"Huo hauna kifua, Mjomba," nikasema. "Weka wa utumbo."

Alikuwa ameshaamua kwamba mshipi utatosha, nilimwona usoni. Akacheka, akaanza kuufungua. "Basi. Sikio limesema."

Alikuwa na rafiki aliyeitwa Barisa, mfugaji wa Kiorma aliyetuletea maziwa. Tangu mafuriko kondoo wa Barisa walikuwa wakiharibu mimba na kufa mmoja mmoja. Kwa wafugaji wetu Waislamu, mnyama akianza kulegea, huwahiwa kisu. Akifa mwenyewe ni kibudu, na kibudu hakiliwi. Siku ile Barisa alimwahi kondoo jike mmoja kwa kisu. Mjomba alimshikia miguu, akarudi kwetu na utumbo ndani ya ndoo, ungali na joto.

Nilimimina maji ya majivu naye akakwangua kwa mgongo wa kisu. Sikuruhusiwa kugusa; alisema nitanuka darasani. Vidole vyake vilikuwa na michubuko ya useremala. Alipofika kusokota, alishika ncha moja kwa meno. Kisha akauwamba uzi kati ya nguzo mbili, akaukausha kwa makaa, akaupaka mafuta. Siku ya tatu aliufunga, na alipoudonoa, mama aliacha kukoroga chungu jikoni.

Siku ya nne akaamka na homa.

Tulisema malaria, tukampa vidonge. Macho yakawa mekundu, fizi zikatoka damu, na hapakuwa na gari la kupita popote. Akiwa kitandani, jirani alileta habari kwamba Barisa amezikwa kwa homa kama hiyo hiyo.  Mjomba akamwita mama, akasema naye kwa sauti ya chini, na mama akanitazama juu ya bega lake. Nikatumwa maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Alifariki siku mbili baadaye. Harusi ilifungwa kimya. Watu walisema ni jicho, wengine wakasema besi ina jini. Watu wa afya walipofika kukataza kuchinja wanyama wagonjwa na kushika damu mbichi, mimi nilikuwa nikicheza.

Nikakua, nikaenda kusomea uuguzi. Siku moja mwalimu alitueleza ugonjwa wa mifugo unaofuata mafuriko na kuingia kwa watu kupitia damu na nyama mbichi. Kalamu yangu ilisimama. Nilikaa na jambo hilo mwaka mzima kabla ya kumwambia mama kwamba mimi ndiye niliyeuchagua ule utumbo.

Hakuacha kupepeta mchele. "Najua, mwanangu. Mjomba wako aling'amua mwenyewe, siku ya habari ya Barisa. Akaniapisha usiambiwe. Akasema sikio lako halikukosea."

Besi iko kwangu sasa. Mara moja kwa mwaka nazilegeza nyuzi zote nne, kisha nazikaza kidogo huu, kidogo ule. Uzi wa tatu bado una kifua. Utotoni nilidhani jicho la mama siku ile lilikuwa la huzuni tu. Kumbe alikuwa akipokea mvuto ulionipasa mimi, akaushika miaka yote ile, mpaka nipate shingo ya kuubeba.